Petroli Iliyonigombanisha na Shemeji

Gari tuliyoiendesha baina ya Wete na Chake Chake ilikuwa ya abiria, ya bodi ya mbao, mali ya bwana mmoja mwenye mashamba ya mikarafuu. Tulikuwa madereva wawili: leo naichukua mimi, kesho anaichukua shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ile, na labda ndiyo maana nilimtazama kwa jicho kali kuliko ambavyo ningemtazama mtu baki.

Msimu mmoja, karafuu zimekwiva na watu wamejaa njiani, gari ilianza kunishinda vilimani. Nikikanyaga mafuta inakohoa, inapiga chafya kwenye kabureta, kisha inazima. Abiria wanashuka, wanasukuma, na mimi nimekaa kwenye usukani nimelowa jasho la aibu. Nilisafisha plagi, nikabadilisha waya. Wapi! Ndipo nilipofungua kikombe cha kabureta nikakimimina koponi. Chini ya petroli mlikuwa na maji, kiasi cha kijiko.

Papo hapo moyo ukaniambia: huyu anafyonza petroli, anaiuza, anajazia maji.

Nikaanza kumchunguza. Nilimwona dada na kanga mpya, nikajiuliza imetoka wapi. Nilimkuta shemeji akinawa mikono kwa sabuni, nikasema moyoni, anaondoa harufu. Mtu ukishamshuku, hata akikohoa unampa maana.

Nikaenda kwa tajiri, mwenye gari. Alikuwa barazani kwake na wapimaji wa karafuu, nami sikungoja waondoke.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Maji nimeyaona kwa macho yangu, bwana."

Shemeji akaambiwa akae nyumbani. Alikuja kunitafuta jioni ile ile. Hakugomba. "Shemeji," alisema, "ungeniuliza mimi kwanza." Nikageuza uso, nikajitia nakaza boliti.

Nikatia kufuli kwenye mdomo wa tangi, ufunguo nikaufunga kiunoni. Siku ya tatu gari ikazima kilimani, pale pale. Nikafungua kabureta: maji. Sasa nikamshuku mlinzi wa pale gari ilipolala usiku, nikawashuku makuli waliopakia mizigo, nikafika hata kumshuku tajiri mwenyewe kwamba ananitafutia sababu. Usingizi ukanipaa.

Mwishoni nikaipeleka gari Tibirinzi, kwa fundi mmoja mzee aliyejifunza magari ya jeshi wakati wa vita. Hakugusa injini. Alitaka chupa nyeupe. Akatia maji hadi robo, akafunga uzi kwa nje pale yalipoishia, kisha akajazia petroli ya tangini mwangu. Akaziba, akatikisa, akaiweka juu ya meza. Vilipotulia, maji yalikuwa yameupita uzi kwa vidole viwili.

"Umeongeza maji, mzee?"

"Si ulikuwa unanitazama? Maji hayazai, mwanangu. Ndani ya petroli mna kitu kimeyafuata." Akaunusa mkono wake. "Spiriti. Hii ni petroli iliyochanganywa. Na spiriti hunywa unyevu wa hewa. Ikishashiba huachana na petroli, ikateremka chini pamoja na maji yake. Hicho ndicho ulichokiona."

"Kwa hiyo hapana aliyetia maji?"

"Hapana. Na gari inazima kwa sababu spiriti hutaka kuingia kwa wingi kuliko petroli tupu, na tundu la jeti yako, linalopitisha petroli ndani ya kabureta, limepimwa kwa petroli tupu. Tangi limejaa, injini inakufa njaa."

Alilipanua tundu lile kwa kisindano cha chuma, kidogo kidogo, akirudisha na kujaribu. Akasogeza cheche iwake mapema kidogo. Tukamwaga tangi, tukalikausha, na akaniusia nimwage kikombe cha kabureta kila asubuhi. Niliporudi Wete, gari ilivipanda vilima bila kukohoa.

Nikamwendea muuza petroli. "Nimeletewa kutoka Tanga," alisema, "na nilivyoletewa ndivyo ninavyouza." Aliyasema hayo akitazama pipa, si mimi. Nyuma ya duka niliona madebe matupu yananuka spiriti. Labda ni ya stovu. Mpaka leo sijui ilichanganywa huko au hapa.

Habari zikaenea kuwa gari yetu inakunywa ulevi, na mzee mmoja akakataa kuipanda siku ya Ijumaa. Nikamwuliza shehe.

"Wewe umeinywa?"

"Hapana, shehe."

"Na abiria?"

"Hapana."

"Basi wapeleke watu msikitini."

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Nilikwenda kwa dada yangu. Alikuwa akichambua karafuu mkekani, hakunikaribisha. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, chupa na uzi na yote.

"Uliona maji," alisema, "ukaniona mimi."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe. Lakini ukamwambie tajiri kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale."

Nikaenda. Wapimaji waliacha mizani wakanisikiliza, na tajiri akatuma mtu kumwita shemeji arudi kazini. Alirudi kesho yake, akaendesha kama zamani, akanisalimu kama zamani.

Dada alichelewa zaidi kunisamehe. Idi ile aliniletea sahani ya chakula kwa mkono wa jirani. Mwenyewe hakuja.