Kitufe cha Tisa

Mke wangu hajui kutulia. Hata akiwa anakula, vidole vya mkono wake wa kushoto hugonga ukingo wa meza, moja, mbili, tatu, mpaka sahani yangu inacheza. Mwanzoni nilidhani ni ukorofi tu. Baadaye nikaelewa kwamba anahesabu, na kwamba hesabu hiyo ndiyo inayotulisha.

Yeye ni fundi wa sauti, na haoni tangu akiwa na miaka sita. Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yetu ina vyumba vitatu: kimoja tunalala, cha mbele nashonea, na cha nyuma, chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani kuzuia kelele za cherehani yangu, ndiyo studio yake. Wanakwaya, maharusi, watu wa matangazo ya maduka, wote hupita mezani kwangu kwanza, na wengine huniinamia na kuninong'oneza kama kweli mama yule anaweza kazi. Nawajibu kwamba anaiweza, na kwamba amewasikia.

Kompyuta humsomea skrini kwenye sikio moja, la pili analiachia muziki. Tatizo ni programu yenyewe ya kurekodi. Walioitengeneza waliwachorea wenye macho vipicha vya kupendeza, wakasahau kuvipa majina. Basi ile sauti inayosoma, kila ikifika kwenye kipicha, husema neno moja tu: kitufe. Ukisogea, kitufe. Ukisogea tena, kitufe. Ni sawa na kupelekwa ukweni ukatambulishwa ukoo mzima kwa kuambiwa huyu ni mtu, na huyu naye ni mtu. Ameshawaandikia barua tano, na mara mbili wamemjibu kwamba maoni yake wanayathamini sana. Aliposhindwa kungoja akavibonyeza kimoja kimoja kwa wiki mbili, akasikiliza kila kimoja kinafanya nini, akavikariri kwa namba. Cha tisa ndicho kilichofungua njia ya maiki ili sauti inaswe.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo hadithi haisimami. Jumatano moja asubuhi alikuwa anaoga, nami nikaingia studio kutafuta mkasi. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe kwamba toleo jipya la programu liko tayari, liwekwe? Nikabonyeza ndiyo. Kiherehere kitupu. Nilijiona mume mwema, nikatoka na mkasi wangu.

Saa nne akaja mwalimu wa kwaya pamoja na binti yake. Mwalimu alikuwa na uvimbe kooni. Kesho yake alikuwa anakwenda kulazwa, Ijumaa apasuliwe, na daktari hakumficha: sauti inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Alitaka kuacha wimbo mmoja, ule aliomtungia huyu binti alipokuwa mchanga. Ameambiwa asilikaze koo, kwa hiyo angeimba mara moja tu. Binti alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akauliza kama hapa jirani hakuna studio nyingine. Mama yake akasema amesema ni hapa.

Akaimba. Niliondoa mguu kwenye cherehani, nikasogea hadi mlango wa studio. Sijui muziki, lakini sauti ile ilipanda taratibu na kushuka taratibu, wala sikuisikia ikivuta pumzi, na nilipojiangalia nilikuwa nimeshika sindano hewani kama mjinga. Mke wangu alikuwa ameisikia yote kwenye spika za masikioni, anatabasamu. Akabonyeza ili tusikilize.

Kimya. Akarudia. Kimya tena. Vidole vyake vikasimama, na mimi sijawahi kuviona vimesimama.

"Mwalimu," akasema, "haikuingia."

Binti hakupiga kelele. Alisema polepole, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi: "Mama, nilikwambia. Kazi hii inataka mtu anayeona."

Mke wangu alikuwa anahesabu upya, midomo inacheza, akasema chinichini kwamba kuna kimoja kimeongezeka. Hapo nikatamani ardhi ipasuke. Ningeweza kunyamaza, na nakiri nililifikiria hilo.

"Anayeona ndiye aliyeharibu," nikasema. "Ni mimi. Asubuhi nilikubali toleo jipya."

Mke wangu aligeuza uso upande wangu. Akaniambia nije basi nisome, kwa kuwa macho ninayo. Nikainama kwenye skrini. Kimoja kilifanana na sufuria yenye mfuniko, kingine na sisimizi, vingine sikuweza hata kuvisingizia mfano. Macho mawili mazima na sikujua hata kimoja. Akaniambia nisogee pembeni.

"Mwalimu, zungumza," akasema. "Sema lolote kwa sauti ndogo, usinyamaze mpaka nikwambie."

Mwalimu akazungumza, na mke wangu akaanza kuvijaribu kimoja kimoja, anabonyeza, ananasa kidogo, anasikiliza, anafuta, anarudi mwanzo. Cha tisa cha sasa kilikuwa kinamsikilizisha tu bila kunasa chochote. Mimi nilikwenda mlangoni nikarudi, nikaenda nikarudi. Nilijaribu kushona, nikaunga mkono wa shati nje ndani. Saa ya ukutani sikuitazama. Nilimsikia mwalimu akiongea mambo ya nyumbani kwao, na kila alipokohoa niliona ndiyo basi, koo limefunga. Mwishowe ikawa cha kumi. Hata alipokipata hakukiamini. Aliwasha kurekodi akamwacha mwalimu aendelee dakika saba nzima, na hakuthubutu kuzima.

Mwalimu akaimba mara ya pili. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili sauti ilikatika katikati, akakohoa, akaanza, ikakatika. Ubeti wa mwisho aliusema tu, kama mtu anayesoma barua. Binti akamwomba ajaribu tena. Mwalimu akatikisa kichwa, akaupapasa mkono wa mke wangu, wakaondoka.

Siku mbili mke wangu hakunisemesha. Siku zilizofuata hakutulia. Alifungua wimbo ule, akaufunga, akaufungua. Alitaka kupunguza vikohozi, akaona akipunguza atabaki na wimbo wenye mashimo. Ile sauti ya kwanza ilikuwa kichwani mwake nzima, aliniambia, pumzi kwa pumzi, na hakuna waya wa kuitoa humo. Akawaandikia wale watengenezaji barua ya sita. Sikuuliza ameandika nini. Kwa nilivyosikia kibodi ikigongwa, haikuwa salamu.

Baada ya wiki tatu binti akaja peke yake. Mama yake yuko nyumbani, anaendelea vizuri, ila sauti imekwenda. Wanaandikiana kwenye daftari. Akausikiliza wimbo akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa adabu kama mtu aliyepewa risiti.

Mke wangu akasema kuna na maneno, yale ya kabla ya wimbo, hakuyafuta. Kama anayataka.

Akayafungulia. Ile sauti ndogo ya mwalimu ikajaa chumbani, ikisema ufunguo wa kabati uko chini ya kitambaa cha televisheni, maua yamwagiwe asubuhi si mchana, na yule jirani asipewe tena ngazi yetu. Binti akakaa chini. Kisha sauti ikageuka, ukasikia kabisa kwamba mwenyewe amegeuza kichwa.

"Na wewe, toa kidole mdomoni, kucha zitakwisha. Umekuwa mtu mzima. Mwache fundi afanye kazi yake."

Binti alikuwa anang'ata kucha. Akakitoa kidole, haraka, akaficha mkono nyuma.

"Rudisha hapo," akamwambia mke wangu.