Msimu Vyura Waliponyamaza

Kila nikijaza taa petroli, yaani mafuta ya taa, harufu yake inanirudisha kwenye kidimbwi cha nyuma ya nyumba yetu, Kabambare. Watu wa serikali ya Wabelgiji walikimwagia petroli hiyohiyo ili kuua mbu. Kesho yake vyura walielea matumbo juu, wanateleza mkononi kama sabuni.

Kwetu mpunga haukupandwa kabla vyura hawajalia. Mvua ikaanza. Mama akamwambia nyanya yangu, “Mama, mvua iko inanyesha. Tupande.”

“Ngoja kwanza, mutoto wangu. Vyura wengine watakuja kulia.”

Tulingoja mpaka mvua ikakatika. Mbegu tukazila. Zilipokwisha, tukamzika mdogo wangu. Pale kaburini, nyanya alikuwa bado ametega sikio upande wa kidimbwi.