Betri Niliyoitoa kwenye Kengele ya Moshi

Ipo Jumamosi moja ya baridi ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na sasa kwa kuwa umepata nyumba yako mwenyewe ni vizuri nikusimulie.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu tulikuwa tukiishi Matisi, hapa Kitale, mimi na mke wangu, pamoja na mama yangu niliyemleta kutoka Bungoma ili atibiwe macho. Alikuwa amebaki kuona mwanga na vivuli tu. Ndugu yangu mdogo, fundi wa umeme, alipokuja kumjulia hali alitufungia kengele ya moshi kwenye dari ya sebule. Ni kitu cheupe, cha mviringo kama kisahani cha chai. Kinatumia betri, na moshi ukikifikia kinapiga kelele ya kuamsha mtaa mzima.

Mama alikipenda ajabu. Kila Jumamosi baada ya chai alikuwa akiniambia, "Baba, hebu kifinye kiongee." Napanda kwenye kiti, nafinya kitufe, kinalia, naye anaziba masikio huku akicheka. "Haya, kiache. Kiko macho."

Wakati huo nilikuwa na sifa kidogo. Kuanzia Kimilili hadi Moi's Bridge, watu wakifanya harusi waliniita niwe mshereheshaji, na nilikuwa na maikrofoni yangu isiyo na waya. Ijumaa moja nikagundua betri yake imekwisha, na kesho yake ilikuwa harusi ya mpwa wangu kule Kimilili. Maikrofoni ile ilitumia betri ya mraba, sawa kabisa na ya kengele. Maduka yalikuwa wazi, sitakudanganya. Ulikuwa uvivu tu. Nikatoa betri ya kengele, nikijiambia nitairudisha nikitoka harusini.

Asubuhi Mama akasema, "Baba, kifinye."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nikapanda kwenye kiti, nikainua simu yangu ya mkononi hadi darini, nikaifanya ilie.

Mama akageuza sikio. "Mbona leo kinaimba?"

"Ni baridi, Mama."

"Ati hata hicho kinasikia baridi?" Akacheka. Nami nikacheka naye, na kicheko hicho kinaniuma kuliko hata uongo wenyewe.

Tukamwachia jiko la makaa sebuleni apate joto, na jirani yetu Mama Nekesa akaahidi kumwangalia. Harusi ilifana. Sauti yangu ilisikika hadi barabarani. Huku nikiwachekesha watu, kule nyumbani kitambaa cha kochi kiliteleza kikaangukia jiko. Mama alikuwa chumbani, amejilaza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Nekesa. Alikuwa anaanika nguo akaona moshi ukitoka dirishani. Akasukuma mlango, akapita mbio hadi chumbani.

"Mama mzee, toka! Nyumba inaungua!"

"Si ni wewe umeunguza ugali wako? Kengele yangu imenyamaza."

"Kengele gani, bana! Lete mkono!"

Akamtoa nje akikohoa, na majirani wakaja na ndoo za maji. Makochi yaliteketea, na mapazia pia. Tuliporudi nilimkuta Mama kwa jirani, amejifunika shuka, kikohozi hakimpi nafasi. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: betri, simu, na ile baridi niliyoibuni.

"Moshi niliusikia mapema, baba," akasema. "Pua iliniambia toka. Nikaiambia inyamaze, mtoto wangu amekijaribu kile kitu asubuhi. Ungeniambia hakina betri, ningetoka na miguu yangu mwenyewe."

Jumatatu nilinunua betri mpya mbili, moja ya maikrofoni na moja ya kengele. Jumamosi iliyofuata hakutaka nimfinyie. Alishika mpini wa ufagio, nikamwelekeza kengele ilipo darini, na yeye mwenyewe akasukuma kitufe mpaka kikapiga kelele. Ikawa hivyo kila wiki, na ilimfurahisha sana. Alipona kikohozi, akarudi Bungoma, akaishi huko miaka mingi kwa amani. Ndiyo maana leo naweza kulisimulia hili nikiwa na moyo mweupe.

Basi sikiliza, mwanangu. Kengele ya moshi ifinye mara kwa mara, usiache mwezi upite, na usisimuliwe kwamba imelia, isikie. Betri yake ni yake peke yake, hata redio ikikatika katikati ya mpira. Ikianza kutoa mlio mfupi mfupi inakuomba betri mpya, kwa hiyo usiing'oe eti inakusumbua. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, na ikizeeka nunua nyingine. Jiko la makaa usimwachie mtu ndani. Na ukisikia harufu ya moshi, toka kwanza, kengele ilie isilie. Zaidi ya yote, kitu kikiwa kimeharibika nyumbani mwako, waambie wanaokitegemea.

Mungu ailinde nyumba yako, awape watoto wako usingizi mzuri, na akujalie kusema "haifanyi kazi" kabla hujaulizwa.