Modemu Yetu ya Kopo

Sisi tuliokulia Majengo, Mpanda, miaka ya tisini, tulikuwa na mtandao wa nyumbani kabla ya kulisikia neno lenyewe. Leo wanangu wakilalamika kwamba "net inazingua", nawauliza modemu ni ipi na ruta ni ipi. Wananionyesha simu.

Mwaka ule surua iliingia mtaani ikamchukua mtoto wa jirani. Anisia, rafiki yangu wa nyumba ya pili, naye akaugua. Mama yake akamfungia ndani, akatukataza hata kusogelea dirisha. Tukasikia amegoma uji na hasemi na mtu. Mimi na kaka yangu Nesto tukaamua kwamba lazima asikie sauti zetu.

Tuliomba waya mwembamba wa shaba kwa fundi wa dinamo, tukatoboa makopo mawili, moja tukamkabidhi Mama Anisia. Waya ukapita juu ya ua, dirisha hadi dirisha. Nikaita. Kimya. Nikaita mpaka koo likakauka. Nesto akatoka kuufuata waya, akarudi anacheka: mama yetu alikuwa ameanika kanga mbichi juu yake.

"Nani kafunga kamba ya nguo chini hivi?" mama akauliza. "Kanga zinaburuza vumbi."

"Siyo kamba, mama. Ni simu."

"Haya, ipigeni kisimani, ilete maji."

Hata hivyo akazianua. Waya ukakazika. Nikaweka sikio, na kopo likatetemeka kwa sauti ya Anisia:

"Kopo lenu linanuka mafuta ya taa."

Nesto akakimbia kuuzunguka ua kama aliyefunga goli. Jioni, kupitia waya uleule, tulimsikia Anisia akifyonza uji kwa makusudi, kikombe kikiwa karibu kabisa na kopo. Sijasikia sauti tamu kama ile.

Nilipojifunza mitandao ukubwani, kwa vitabu vya kuazima, nilifurahi kukuta vitu ninavyovijua. Modemu hugeuza ujumbe uwe ishara inayoweza kusafiri kwenye waya, na kule mwisho ishara hugeuzwa tena kuwa ujumbe: hilo ni kopo. Kebo ikibanwa, mawasiliano hudhoofika: hiyo ni kanga ya mama. Ruta hupeleka kila ujumbe kwa mwenye anwani yake: huyo ni Nesto, tulipovuta waya mwingine kwa jirani wa nyuma, akakaa katikati na kopo kila mkono, akipokea huku na kupeleka kule.

Tulikuwa na kanuni pia. Ukimaliza kusema unatamka "zamu yako", kisha unahamisha kopo kutoka mdomoni kwenda sikioni. Sebuleni kwangu leo taa za ruta zinawaka zote, kasi ipo, na watoto wanasema kwa pamoja, kila mtu na simu yake, bila wa kusikiliza.

Anisia sasa ana duka Sitalike. Akinipigia, bado humalizia na "zamu yako". Nami, wanangu wakinicheka, nahamisha simu kutoka sikioni kwenda mdomoni.