Mfuko wa Ndani wa Aproni

Kilichotoka mfukoni mwa mtu hakisomwi, na kikijisomesha chenyewe hakisemwi. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika mwanamke mmoja wa kazi ya udobi kwa miaka kumi na tisa, na aliishika kuliko watu wengi wanavyoshika viapo walivyoapa mbele ya mashahidi.

Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko. Nguo zilimwagwa mezani kwake kabla hazijaingia mashineni: makoti, suruali za ofisini, magauni, mashati ya wauguzi. Yeye aliingiza vidole viwili katika kila mfuko, akatoa kilichosahauliwa. Kalamu, ufunguo, kitana, barua, jino la mtoto ndani ya pamba, picha ya mwanamke ambaye si yule aliyeleta suruali. Kila kitu kilitiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaandikwa namba ya nguo, kisha ikabanwa kwa kibanio kwenye kamba iliyopita juu ya meza. Wenzake walimwita Mama Mifuko.

Hakuzaliwa na kanuni hiyo. Katika mwezi wake wa kwanza kazini alikuta karatasi ya daktari ndani ya gauni la kijani, akaisoma kwa sauti, na wapiga pasi wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Alipoinua macho, mwenye gauni alikuwa amesimama kaunta. Alikuwa ameifuata karatasi hiyo hiyo. Hakufoka. Alinyoosha mkono, akaipokea, akaondoka bila gauni lake, wala hakurudi kulichukua. Lilining'inia pale miaka miwili, na kila asubuhi Mama Mifuko alilipita akienda mezani.

Tangu hapo kila mfanyakazi mpya alikaa naye wiki mbili kabla ya kupelekwa kwingine, ajifunze kufumba mdomo. Mmoja wao alikuwa binti mwembamba, mwenye mikono myepesi, ambaye baadaye alipewa meza ya pasi. Alikunja marinda ya sketi yakalala sawasawa kama kurasa za kitabu, ndiyo maana akaitwa Mikunjo. Kwa miaka minane wawili hao walikula chakula cha mchana pamoja, wamekalia kreti moja la sabuni. Mikunjo alipopoteza mimba ya kwanza, Mama Mifuko alimfulia nyumbani kwake. Alipopoteza ya pili, ndiye aliyempeleka hospitali.

Mwenye udobi huo alikuwa kijana aliyeirithi biashara kwa mama yake. Mama Mifuko alimjua tangu akiwa mvulana wa shule akisinzia juu ya kapu la mataulo, na mpaka leo alimwita mwanangu. Yeye naye alimwita mama, ingawa ndiye aliyetia saini mikataba. Mikataba yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Mwaka uliotangulia, mkunjaji wa mashuka alionekana tumbo limeanza kuchomoza, na mkataba wake ulipoisha haukuandikwa mwingine. Sababu haikutajwa, na hakuna aliyeuliza.

Kisha kijana akaleta roboti. Ilikuwa mkono mmoja mrefu wa chuma, wenye vidole vitatu vya mpira na jicho la kamera. Iliinua nguo, ikaitikisa, ikaipapasa mifuko, ikatoa kilichomo, na kabla ya kukiweka kwenye trei ikakipiga picha. Mwendesha mashine za kufulia, mwanamume mcheshi aliyeitwa Povu, aliitazama nusu saa nzima, akaipa jina.

"Huyu ni Shemeji," alisema. "Kaingia ndani bila hodi, anashika kila kitu, na kumfukuza huwezi."

Jina likashika. Mama Mifuko peke yake hakucheka. Alimfuata kijana ofisini.

"Mwanangu, hizo picha zinakwenda wapi?"

"Zinahifadhiwa tu, mama. Mteja akisema kapotelewa, tunaangalia."

"Na barua?"

"Hata barua. Lakini hakuna mtu anayezisoma."

"Basi kama hazisomwi, za nini?"

Kijana alicheka kwa upole, kama mtu anayecheka swali la mtoto. "Wewe mama usihangaike na Shemeji. Siwezi kukutoa hapa. Nimekutafutia kiti."

Kiti kilikuwa kwenye chumba kidogo cha vioo kilichotazama ukumbi mzima. Kilikuwa na mgongo na magurudumu, na mbele yake kulikuwa na skrini. Wafanyakazi wote walivalishwa bangili nyeusi za mpira. Bangili zilihesabu hatua, zilihesabu mikono imeinuka mara ngapi, zilipima mapigo ya moyo, zilijua nani amekaa na amekaa kwa muda gani. Yote hayo yaliingia kwenye skrini. Kazi ya Mama Mifuko ilikuwa kuyasoma, na kila Ijumaa kuandika majina ya wawili waliozembea.

Angeweza kukataa. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka kumi na tisa ya kusimama, na kiti kilikuwa na mgongo. Alikaa.

Bangili zilipaswa kuvaliwa hata nyumbani, ili ijulikane kama mtu amelala vya kutosha. Jumapili ya kwanza mume wake, fundi saa mstaafu, alimshika mkono na kuigeuzageuza ile bangili kama anayetafuta pa kuifungulia.

"Hii inajua ukilala?"

"Inajua."

"Na ukiamka?"

"Inajua."

"Kwa hiyo chumbani mle tuko watatu." Akaurudisha mkono wa mkewe mezani taratibu. "Mwambie huyo wa tatu anikome."

Mama Mifuko alicheka mpaka akapaliwa. Lakini usiku ule aliivua, akaifungia kabatini, na kesho yake skrini ikaandika kwamba msimamizi hakulala kabisa.

Siku tatu za mwanzo aliangalia skrini kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyekuta mlango wa bafu uko wazi. Siku ya nne alianza kusoma, na mtu akishaanza kusoma hasomi kidogo. Aligundua Povu hutoka nyuma ya jengo mara sita kwa siku kuvuta sigara, ilhali alikuwa amemwapia mkewe kwamba ameacha. Akamtania mbele ya watu: "Povu, ule ukuta wa nyuma unakuuliza hali ya nyumbani." Watu walicheka. Povu naye alicheka, ila kwa meno tu. Tangu siku hiyo, Mama Mifuko akipita ukumbini sauti zilishuka. Aliona, akajiambia kwamba kila msimamizi huogopwa.

Wiki ya tatu alimsoma Mikunjo. Moyo wake ulikwenda mbio hata akiwa amesimama. Alikwenda msalani mara nane, mara tisa. Kila saa nne asubuhi mikono ilisimama dakika kumi na moja. Mama Mifuko alikuwa amezaa wanne, hakuhitaji kuelezwa. Alichukua stuli, akaipeleka mpaka kwenye meza ya pasi, akaiweka nyuma ya Mikunjo.

Mikunjo aliitazama stuli, kisha akamtazama yeye. "Imekwambia?"

"Nimezaa wanne, mwanangu."

"Nimeuliza, bangili imekwambia?"

Mama Mifuko alitazama chini. "Imeniambia."

Mikunjo alipitisha pasi kwenye kola ya shati mara mbili kabla ya kusema tena, kwa sauti ya chini. "Mume wangu mwenyewe hajui. Nangoja mwezi wa nne upite ndiyo nimwambie, nisimliize mara ya tatu. Na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Unajua kilichompata wa mashuka."

"Kilichotoka mfukoni mwa mtu..."

"Hakisemwi," Mikunjo alimalizia, na kwa mara ya kwanza tangu kile chumba cha vioo kijengwe, wakatabasamu pamoja.

Ijumaa hiyo na zilizofuata Mama Mifuko hakuandika jina la Mikunjo. Aliandika majina ya watu wengine. Hao nao walikuwa na mambo yao, lakini hakuyafikiria.

Sasa, aproni za wapiga pasi zilikuwa na jambo moja ambalo aliyezishona dukani hakulijua. Wapiga pasi wenyewe, kwa sindano yao, walishonea kimfuko kwa ndani, upande wa kiuno, cha kuwekea funguo za nyumbani, maana mfuko wa mbele hujaa vibanio. Ukikitazama kwa nje hukioni. Kwenye meza ya mifuko, Mama Mifuko hakuwahi kukosa kukipapasa. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku sita mkataba uishe, mkono wa Mikunjo ulivimba kwa joto na kwa hali yake. Bangili ikambana. Aliivua, akaitia kimfuko cha ndani, akaendelea na kazi. Adhuhuri aproni zilikusanywa kama kila Alhamisi. Shemeji aliiinua aproni yake, akaipapasa mbele, akaipiga picha, akaitupa mashineni.

Skrini ikaanza kulia. Povu alikuja kuchungulia mlangoni.

"Nani huyo anakimbia?"

"Mikunjo," alisema Mama Mifuko. "Hatua elfu nne kwa dakika kumi."

"Mikunjo yuko pale amesimama. Moyo unasemaje?"

"Moyo haudundi."

Povu alijikuna kidevu. "Kwa hiyo ni maiti, na anawahi."

Kabla hawajamaliza kucheka, kijana aliingia, na hakuwa akicheka. Mwezi uliopita alikuwa amewafukuza wawili waliofunga bangili zao kwenye ngoma ya mashine ili ziwahesabie hatua. Alifunga mlango wa vioo, Povu akiwa nje.

"Mama, hata huyu? Nilimwona mtu mwaminifu."

"Hajaiba hatua, mwanangu. Simamisha mashine namba tatu."

Mashine ilisimamishwa. Aproni zilitolewa zikichuruzika, na Mama Mifuko, ambaye kwa wiki sita hakuwa amegusa nguo, aliingiza vidole viwili kiunoni mwa aproni ya tano na kutoa bangili. Ilikuwa bado inawakawaka. Akamwonyesha kijana kimfuko, jinsi kilivyoshonwa na kwa nini kamera haikukiona.

"Ingekuwa mezani kwangu," alisema, "isingefika huko."

Kijana alikubali. Hata sura ilimkunjuka. Jambo lilikuwa limekwisha, na Mikunjo alikuwa salama. Walirudi chumbani, kijana akashika kitasa aende zake, kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Lakini aliivulia nini?"

Majibu yalikuwepo. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema bangili inabana, na isingekuwa uongo. Lakini alikuwa ametoka kushinda mbele ya mashine, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa furaha. Pia alitaka kijana aone kwamba kile kiti kimekaliwa na mtu anayejua.

"Mwili unamvimba, mwanangu. Si unajua mwanamke akiwa katika hali ile. Mwonee huruma."

Kijana aliachia kitasa. "Hali ile," alisema polepole. Alikuja kwenye skrini, akainama juu ya bega la Mama Mifuko, akairudisha nyuma wiki sita, siku moja moja, akisoma. Manukato yake yalikuwa yale yale ya marehemu mama yake. "Asante, mama," alisema, akatoka.

Jioni hiyo mume wa Mikunjo alimngojea mkewe getini na baiskeli, kama siku zote. Kijana alikuwa anapanda gari lake. Alimpa mkono, akamwambia hongera. Mume akauliza, hongera ya nini?

Siku sita baadaye Mikunjo alipewa barua. Iliandikwa kwamba mkataba hautaendelezwa kutokana na mabadiliko ya mfumo wa kazi. Alizipanga pasi zake mbili, akazungusha waya kila moja, akafuta meza. Kisha akaja chumba cha vioo kukabidhi bangili. Aliiweka mezani, na Mama Mifuko akainuka.

"Mwanangu, nilikuwa nakutetea. Wangekuita mwizi wa hatua."

"Ungeacha waniite."

"Wangekufukuza."

"Na sasa wamenifanya nini?" Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mizigo ya watu wote umeificha miaka yote hiyo, mama. Wangu ulikuwa mdogo tu. Mume wangu kaambiwa na mwanamume mwenzake, getini, ameshika baiskeli. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia."

Mama Mifuko alitafuta la kusema, akakuta alilokuwa nalo ni ile kanuni, na hakuthubutu kuitamka.

Siku iliyofuata alimwomba kijana amrudishe kwenye meza ya mifuko. Aliambiwa meza imeshauzwa. Akaigeuza skrini ikatazama ukuta, akakaa akitazama ukumbi. Hakuna aliyemgombeza. Kompyuta ilianza kuandika majina ya Ijumaa yenyewe, haraka na bila makosa, na baada ya miezi miwili naye alipewa barua yenye maneno yale yale. Alipoondoka aliifungua ile kamba ya bahasha, akaiviringa, akaitia mkobani.

Mtoto wa Mikunjo alizaliwa salama, wa kike. Habari hizo alizipata kwa Povu, walipokutana barabarani. Alipeleka nguo za mtoto, alizozifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Zilipokelewa mlangoni, kwa heshima, na hakukaribishwa ndani.

Alisema sentensi moja iliyozidi. Iligharimu kazi ya Mikunjo, na furaha ya mke kumpa mumewe habari kwa mdomo wake mwenyewe. Mama Mifuko mwenyewe ilimgharimu rafiki wa miaka minane, ambaye mpaka leo humsalimia wakikutana, na hamwambii kitu.