Mpishi wa Maseru Asiyeonja Kondoo

Wapo wanaosema Maseru si mji. Wanashuka kutoka Johannesburg na mabegi yao ya magurudumu, wanatazama kushoto, wanatazama kulia, halafu wanauliza, "Mji wenyewe uko wapi?" Mimi huwajibu kwamba wameukanyaga. Ni mdogo, sikatai. Ukigombana na mumeo asubuhi kule mtaa wa Qoaling, ukifika barabara ya Kingsway unakuta watu wanakupa pole. Lakini mwenye jamaa Maseru halali njaa, na katika nchi hii yote ya milima sijaona asiye na jamaa Maseru.

Naitwa 'Mathakane, mzaliwa wa hapa hapa. Karibu na stendi ya mabasi ya milimani kuna kibanda cha chakula tunachokiendesha wawili, mimi na jirani yangu 'Mapuleng. Kusema kweli ni chake. Mimi nasonga ugali, nakata mboga na kugombana na wateja. Nyama anapika yeye, na kwa kondoo hana mpinzani mji mzima. Mawakili wanatoka mahakamani na tai zao shingoni, wanapanga foleni nyuma ya makuli, na akitokea wa kujifanya mkubwa namrudisha nyuma mimi mwenyewe. Baridi ya Julai ikikaza na theluji ikitanda juu ya milima ya Maluti, sufuria yake huwa tupu kabla mchana haujakolea.

Na mwanamke huyo haonji. Anainama juu ya sufuria, anafumba macho, ananusa, kisha anaita, "'Mathakane, lete ulimi!" Naonja mimi, namwambia chumvi ipo au haipo. Wateja hudhani ni mbwembwe za biashara. Sababu naijua mimi.

Kwetu, mke mpya akifika ukweni huchinjiwa kondoo wa kumkaribisha, na kondoo huyo tunamwita koae. Kabla hajachinjiwa, nyama ya kondoo haipiti midomoni mwake. Akishaila, amekuwa mtoto wa nyumba. Siku hizi wengi hawajali, wanakula hata kabla ya mahari. 'Mapuleng alilelewa na bibi yake hapa mjini, bibi mkali kama pilipili, na yeye anajali.

Mumewe Seabata alipompeleka kwao, kule juu upande wa Mokhotlong, baba mkwe alimpokea jioni. Akamvisha blanketi, akampa jina la nyumba yao, 'Mapuleng, yaani mama wa Puleng, na hata mimba ilikuwa bado haijaingia. Kondoo alikuwa amefungwa nje, achinjwe asubuhi. Asubuhi mzee hakuamka. Yule kondoo akaliwa na waombolezaji, mama mkwe akavaa nguo za msiba, Seabata akarudi mgodini, bibi harusi akarudi Maseru. Na kwa kuwa jina alikuwa amekwisha kupewa, kila mtu ukweni aliamini kwamba koae nayo alipewa, kwamba fulani alishughulikia. Fulani huyo hakuwapo. Na mke hadai koae, kama vile msichana hajiposi.

"Mwambie mumeo," nilimshauri siku moja.

"Nimwambie nini? Kwamba nina njaa ya kondoo wa mama yake?"

"Basi nitasema mimi."

"Thubutu! Nikiomba, haitakuwa koae tena." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nataka siku moja nizikwe kwao nikiwa mtoto wa nyumba, shoga yangu. Sitaki kuwa mgeni waliyemzoea."

Nikaapa kunyamaza. Wanaonijua watakwambia hilo lilinigharimu.

Puleng akazaliwa, akakua, sasa yuko chuo kikuu, na mama yake bado anasubiri. Na wakwe hawakuacha kuja! Kila aliyeshuka kutoka mlima ule, awe amekuja hospitali, pasi ya kusafiria au mafao ya marehemu wa mgodini, alilala kwenye vyumba viwili vya 'Mapuleng. Wanakula kondoo wake, wanalamba vidole, halafu wakirudi juu wanatangaza: "Yule msichana wa mjini anachagua chakula. Anaona kinyaa nyama yetu. Mila amezitupa mtoni." Nilikuwa nachemka kuliko sufuria. Aliyezishika mila kwa meno ndiye aliyeambiwa amezitupa.

Julai iliyopita akashuka mama mkwe mwenyewe, 'Maseabata, na goti lake bovu, na paja la kondoo lililokaushwa kwa upepo wa kwao. Goti likatibiwa. Siku ya kurudi, theluji ikafunga njia ya mlimani kule Mahlasela, na bibi akakwama kwetu.

"Mji gani huu?" akawa analalamika. "Maji mnanunua, mboga mnanunua, hata samadi ya kuwashia moto hamna."

"Mama, hapa tunakanyaga lami," nikamwambia. "Samadi tumewaachia ninyi."

"Lami inapikia nini?"

Nikacheka, naye akacheka. Tangu hapo akaanza kuja kibandani na fimbo yake, anakaa kwenye kreti la soda karibu na moto. Akaona foleni. Akaona dereva mzima wa lori anamshukuru 'Mapuleng kwa mikono miwili. Siku ya tatu nikamsikia anamwambia wakili mmoja, "Sogea kidogo, mwanangu, unamkanyaga mkwe wangu." Akalisema hilo neno mkwe kwa kulivuta. Nilijivuna kama vile mimi ndiye mkwe.

Lakini bibi yule ana macho. Siku hiyo tulipomaliza kuuza, alichukua sahani ya lile paja lake, lililokuwa limepikwa siku ile, akaiweka mbele ya 'Mapuleng.

"Kaa. Kula, nikuone."

'Mapuleng akamega ugali, akachovya kwenye mboga. "Ahsante, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba tangu mwanangu akuoe? Habari zako nimeletewa miaka mingi, nikasema maneno ya watu. Leo nimejionea. Nyama ya zizi langu inakutia kinyaa." Akaishika fimbo, akainuka. "Kesho nahamia kwa binamu yangu, mtaa wa Ha Abia."

"Mama, usihame. Nakuomba."

"Basi kula."

Mkono wa 'Mapuleng ulikaribia sahani, ukarudi mapajani. Nilijua kilichokuwa hatarini pale. Mama mkwe akihama usiku mmoja tu, mlima mzima utasema amefukuzwa, na koae haitatajwa tena maishani. Nikauma ulimi hadi ukaniuma kweli.

"Siioni kinyaa, mama," akasema taratibu. "Ila kondoo wa nyumba yenu siwezi kumla."

"Kwa nini?"

Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye mdomo, leo umeshonwa?"

"Niliapa, mama."

"Uliapa nini?" Akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akarudi kukaa polepole. "Asubuhi ile," akasema, kama anajisemea, "yule kondoo wa sikio lililochanika alikwenda kwa waombolezaji. Nikadhani shemeji yangu Tlali atamtafutia mwingine. Na Tlali..." Akamgeukia mkwewe. "'Mapuleng. Hukuchinjiwa?"

'Mapuleng akatikisa kichwa.

"Na hujala?"

"Sijala, mama. Si kwenu wala kwingine kokote."

Bibi akajifunika blanketi kichwani akalia, bila kujificha, hapo hapo stendi, watu wakipita. Alipojifunua alikuwa amegeuka moto. "Na mimi nimezunguka kijiji kizima nikisema watu wa Maseru wamesahau mila! Nipeni simu!"

Huyo Tlali sauti yake ni kubwa, tuliisikia wote. Alisema ni kweli, ni kosa, lakini koae hufanyika ukweni, basi mke apandishwe mlimani njia ikifunguka.

"Ukweni ni wapi?" bibi akamkatiza. "Ulipofuata pasi ulilala wapi, hotelini? Mkeo alipojifungua kwa kisu, uji alipelekewa na nani? Nyumba yetu iko huku pia, Tlali. Mlete kondoo huku. Na uje naye wewe."

Njia ilipofunguka Tlali alishuka kwenye basi akimburuta kondoo mnono, na stendi nzima ikapiga makofi maana habari zilikuwa zimeshafika. Huu ndio mji wangu, nimekwambia. Seabata alipata ruhusa mgodini, akaja na kofia mkononi, haya zimemjaa. Majirani wote wa mtaa walikuja, walioalikwa na wasioalikwa, wakajaa uani kwa 'Mapuleng wakipuliza vidole kwa baridi.

'Maseabata alimvisha mkwe wake blanketi jipya, akalifunga pini kifuani, akahakikisha mistari yake imesimama wima kama mila inavyotaka. Kondoo alipochinjwa na kuiva, akakata kipande cha nyama kwa mkono wake.

'Mapuleng akakipokea kwa mikono miwili. Hakukipeleka kinywani. Machozi yalikuwa yanamchuruzika, na mimi nilikuwa nalia kumzidi.

"Kula, mwanangu," bibi akamwambia. "Leo hakuna atakayegusa kabla yako."

Tlali alikuwa ameshachomoa mfupa. Akaurudisha. Watu wote wale, wakwe na mawakili na makuli, ambao kila siku hula yeye akisimama, wakasimama wakimngoja yeye ale. Akala. Alitafuna taratibu, macho kayafumba, na hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka alipomeza.

Halafu akanyoosha kiganja mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "niongeze."