Upande wa Kulia wa Kiberiti

Kaka wa mke wangu alifunza farasi wachanga kwa miaka ishirini na mitatu, na sikumwona akimpiga hata mmoja. Pale mabandani tulimwita Polepole. Kazi yangu mimi ilikuwa kutoa samadi, kubadilisha majani ya kulalia na kujaza maji, kwa hiyo kila siku nilimwona kupitia mbao za uzio. Mimi si msemaji, naye alipenda kunitania.

"Shemeji, leo umetumia maneno mangapi? Mbakishie dada yangu mawili ya jioni."

Farasi wa mwisho aliyeanza naye peke yake alikuwa dume wa miaka mitatu, mwekundu, tuliyemwita Kiberiti kwa sababu hakukawia kuwaka. Farasi kama huyo hapandwi kwanza. Mtu huanza naye chini, kwa miguu. Avae kamba ya kichwani bila kurusha shingo. Atembee ukitembea, asimame ukisimama, ainue kwato ukimpapasa mguu. Halafu unampitishia gunia tupu mgongoni mpaka achoke kuliogopa, ndipo uje na tandiko. Polepole alifanya hayo kwa miezi mitatu, na mwishowe Kiberiti alimfuata uwanjani kamba ikiwa imelegea, kama mtoto anayemfuata mama yake dukani.

Jumatano bosi wetu, mama mwenye mabanda, alikuja akasimama nje ya uzio.

"Kiberiti atakuwa wa baba yangu," alisema. "Anakuja Jumamosi kumpanda. Goti lake la kushoto halikunji tangu lilipovunjika, kwa hiyo atapandia upande wa kulia."

"Sawa, mama," alisema Polepole.

"Farasi wawili wameshamwangusha. Huyu naye akimwangusha, nitatafuta mfunzaji mwingine. Siwezi kumzika baba kwa kukuonea haya."

Alipoondoka, Polepole alibaki akikunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Kila anayeshinda na farasi anajua kwamba alichozoea kukiona kwa jicho la kushoto, akikiona kwa jicho la kulia ni kitu kigeni. Ndiyo maana mafunzo hufanywa pande zote mbili. Polepole mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo wiki yangu ya kwanza. Sasa nilimwona akizunguka mbele ya Kiberiti na kusimama kulia kwake, nikashtuka, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika miezi yote mitatu sikuwahi kumwona pale.

Kiberiti alipuliza pua. Akageuza kichwa kwa nguvu. Mtu yeyote angeinama, lakini Polepole alisimama tu, na kichwa kile kikampiga shavuni kikamtupa kwenye mbao. Niliruka uzio.

"Hukukiona kikija?"

Alifuta damu mdomoni kwa mkono wa shati. Mimi nikaanza kuunganisha mambo. Chai aliyoimwaga kwangu mara mbili. Bega lake lililogonga mlango kila wiki. Kwenye benchi, lazima akae mwisho wa kushoto, sisi wote tuwe kulia kwake.

"Jicho la kushoto limekufa, shemeji," alisema. "Karibu mwaka sasa. Lilianza kama ukungu."

"Bosi anajua?"

"Nani atampa farasi mtu asiyeona?"

"Na dada yako?"

"Akijua dada yangu, mtaa mzima umejua."

Jioni hiyo niliacha chakula nusu sahani. Mke wangu aliuliza mara mbili nina nini, nikasema meno.

Alhamisi tulianza upya, na mimi nikiwa jicho. Nilisimama karibu na uzio nikisema kila kitu Kiberiti alichofanya. Masikio mbele. Masikio nyuma. Anageuka, jihadhari. Mguu wa nyuma umelegea, sasa ametulia. Samadi ilirundikana. Ijumaa mchana sauti yangu ilikuwa inakwaruza na farasi alikuwa amekubali gunia kwa kulia, halafu tandiko. Lakini ngozi ya bega lake ilikuwa bado inatetemeka, kidogo kidogo, kama maji ya ndooni gari likipita barabarani.

Jumamosi mzee alifika na fimbo yake. Bosi alisimama karibu nami kabisa, nikaona aibu kuongea. Polepole alishika kamba kulia kwa kichwa cha farasi, mwili wote wa mnyama ukiwa upande asioona. Mzee akapanda juu ya kigoda, akaweka mkono kwenye tandiko. Kiberiti hakusogea. Kwa mtu asiyejua, alikuwa amesimama vizuri.

Mimi niliona mkia umebanwa. Nikaona weupe wa jicho. Nikisema, bosi atauliza kwa nini mfagiaji anamwelekeza mfunzaji. Mzee alianza kuinua mguu.

"Mkia ameubana," nilisema, ikatoka kama mnong'ono. Nikakohoa. "Shemeji, jicho lake jeupe."

Polepole aliweka mkono wake kati ya mzee na tandiko papo hapo.

"Shuka, mzee wangu. Leo hapandwi."

"Ana nini?" aliuliza bosi. "Si ametulia?"

"Upande huu ana siku mbili tu za mafunzo. Ule mwingine ana miezi mitatu."

"Kwa nini?"

Polepole alivua kofia. "Kwa sababu upande huu mimi sioni, mama. Jicho la kushoto halioni."

Mzee, akiwa bado juu ya kigoda, alimtazama. "Goti la kushoto, jicho la kushoto," alisema. "Tukiunganishwa sisi, tunapata mtu mmoja wa kulia."

Bosi hakucheka. Alisema farasi arudishwe bandani, akamshika baba yake mkono, wakaondoka.

Jumapili hakuna aliyetuita. Jumatatu nilifika mapema, na Polepole alikuwa ameshashusha kamba yake msumarini na kuitia kwenye mfuko. Bosi alikuja, akanitazama mimi.

"Ni wewe uliyekuwa unasema?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii nilidhani huna sauti." Akamgeukia Polepole. "Miezi mitatu mingine, kulia. Huyu awe nawe kila siku, aseme kwa nguvu nimsikie mpaka ofisini. Siku nikikukuta ndani ya uzio peke yako, mtaondoka wote wawili. Na jicho likaonwe na daktari wiki hii."

Habari ya samadi hakuisema, nami sikuuliza. Polepole alitoa kamba mfukoni akaingia uwanjani, akasimama kulia kwa Kiberiti akingoja.

"Masikio mbele," nilisema, kwa nguvu.